Uvira: ziwa liko mlangoni, robine imekauka

Mwezi wa sita ukifika, mvua inakatika katika bonde la Ruzizi, na kwa kawaida hairudi mbele ya mwezi wa tisa. Mjini Uvira, Kivu ya Kusini, wamama wanaanza tena kupanga bidoni za manjano mbele ya robine tangu usiku. Maji yasipokuja, wanateremka ziwani. Mgeni atauliza: namna gani mji ulio kando ya Tanganyika, ziwa la pili kwa kina duniani, unakosa maji?

Jibu linaanzia milimani. Mvua ya jimbo hili haigawanyike sawa. Bukavu, kule juu, hupata kama milimita 1300 kwa mwaka. Bonde la Ruzizi, ambalo milima inalizuilia mawingu, hupata kati ya 800 na 1000 tu. Ndiyo maana mahindi ya Sange ao Kiliba yanaweza kunyauka wakati mlimani majani yangali mabichi.

Tena, robine za Uvira hazipate maji ya ziwa. Kwa miaka mingi Regideso imeyachukua katika mto Mulongwe, unaoteremka kutoka milimani na kupita katikati ya mji. Umeme nao unatoka mbali: mitambo ya Ruzizi ya kwanza na ya pili inazungushwa na maji yanayotoka Ziwa Kivu. Kwa hiyo, mvua ikikosekana kule juu, Uvira inaguswa mara mbili: mto unapungua, na umeme ukikatika, maji hayafike kwenye robine.

Hapo ndipo hatari inaingia nyumbani. Maji ya ziwa yanaonekana safi, lakini ndiyo wanamooga watu, ndiyo wanamofulia nguo, na ndimo uchafu wa mji unaishia. Utafiti uliofanywa Uvira na kutangazwa mwaka 2015 ulionyesha jambo zito: siku moja bila maji ya robine inatosha ili, katika siku 12 zinazofuata, wagonjwa wanaozaniwa kuwa na kolera waongezeke zaidi ya mara mbili. Si ukame wenyewe unaoua. Ni lile bidoni la maji ya ziwa lililonywewa bila kutiwa dawa.

Mto huohuo unaopungua kiangazi unaweza pia kubomoa mji. Mwezi wa ine 2020, Mulongwe ulifurika, ukaua watu, ukabomoa nyumba na kuharibu mitambo ya maji. Mlima usio na miti haushike maji: yote yanateremka kwa siku moja, kisha kiangazi hakuna kitu.

Basi, kazi ya kiangazi inapaswa kufanywa wakati wa mvua: kupanda miti juu ya Mulongwe, kujenga matanki katika kila kartie, kutafuta umeme wa akiba kwa pompi. Na robine zikikauka, wakaaji waambiwe mapema, na watu wa kutia klori kwenye bidoni wawe tayari pale ziwani tangu siku ya kwanza, si wakati hospitali zimekwisha kujaa.

Nyumbani, kuchemsha maji ni muzuri, lakini makala ni bei. Mama mwenye kukosa pesa ya makala hawezi kubeba peke yake mzigo ambao ni wa mji muzima.