Tarakimu ya Kubandika: Uongo Katika Michoro ya Tarakilishi

Upo mtindo miongoni mwa wachoraji wa ramani za majengo, hususan chipukizi wanaotoka katika vyuo vya kiufundi, ambao haujakemewa vya kutosha. Ukuta uliokusudiwa kuwa na urefu wa milimita 4,000 unapojitokeza kwenye kioo cha tarakilishi ukisoma 3,940, mchoraji hausogezi ukuta. Huifungua ile tarakimu, akaifuta, akaandika 4,000 kwa mkono wake, kisha akachapisha karatasi na kwenda zake. Kwa macho, mchoro umesahihika. Kwa hakika, ukuta ungali mfupi kwa milimita 60, na ishara pekee iliyokuwa ikilisema jambo hilo imezibwa kinywa. Makala haya yanashikilia kuwa kitendo hicho si njia ya mkato tu bali ni uongo wa kitaaluma. Aidha, wapenzi wa Kiswahili, ambao huenda wakadhani kuwa mambo haya ni ya wahandisi peke yao, wana sehemu yao katika kuutibu.

Enzi za ubao wa kuchorea, mchoraji alianza kwa kuchagua skeli. Alijua kwamba katika skeli ya 1:100, sentimita moja ya karatasi ni mita moja ya ardhi. Akapima kwa rula, akapiga mstari, kisha akaandika tarakimu yeye mwenyewe. Mstari na tarakimu vilikuwa vitu viwili vyenye mwandishi mmoja. Programu za kuchorea kama AutoCAD, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1982, ziligeuza utaratibu huo. Mchoraji sasa hulichora jengo kwa ukubwa wake halisi, na skeli huja baadaye, pale mchoro unapopangwa katika karatasi. Tarakimu nayo haiandikwi. Programu huisoma kutoka kwa mstari wenyewe. Kwa hiyo kipimo katika mchoro wa tarakilishi ni mfano wa shahidi anayetamka alichokiona. Kumwandikia shahidi maneno ya kusema ni kosa ambalo hata asiyesomea sheria analitambua.

Ajabu ni kwamba kosa la kweli, likitafutwa, aghalabu halichukui muda mrefu kupatikana. Kinachohitajika ni kuuliza kwanza: je, vipimo vyote vimekosea kwa uwiano mmoja, au ni kimoja tu kilichopotoka? Vikiwa vyote vimekosea kwa uwiano wa 25.4, hapana haja ya kupiga ramli. Mtu alichora kwa inchi na mwingine akafungua kwa milimita, kwani inchi moja ni milimita 25.4 kamili. Uwiano ukiwa 304.8, mkosaji ni futi. Ukiwa 1,000, ni mita. Dawa yake ni kuukuza au kuupunguza mchoro mzima kwa uwiano huo huo, kisha kuweka wazi katika faili kizio kinachotumika ili atakayeifungua kesho asirudie safari.

Penye mchoro wa kale uliotambazwa kutoka karatasini, uwiano haujulikani, na hapo hutumika njia ya rejeo: mchoraji huonyesha urefu anaoujua, akaiambia programu urefu huo ni kiasi gani, nayo ikarekebisha vingine vyote. Wengi huchagua mlango kwa sababu upana wake, milimita 900, unajulikana na kila mtu. Huo ni uchaguzi mbaya. Mkono ukiteleza kwa milimita 5 tu katika mlango huo, ukuta wa mita 18 utapotoka kwa milimita 100. Rejeo lifaalo ni urefu mkubwa kuliko wote ulioandikwa, tena ukaguliwe kwa mapana na kwa marefu, maana karatasi iliyokaa miaka mingi kabatini huweza kuwa imenyooka upande mmoja zaidi ya mwingine.

Kama ni kipimo kimoja tu kilichokosea, ama mstari haukufika kwenye pembe, ama mguu wa kipimo umebanduka na kushika mahali pengine. Na endapo mchoro ni sahihi katika kioo ilhali rula inakataa juu ya karatasi, wa kulaumiwa ni uchapishaji. Karatasi ya A1 ikipunguzwa hadi A3, kila urefu hugawanywa kwa mbili. Mchoro uliotangaza skeli ya 1:50 umekwisha kuwa wa 1:100, ingawa maandishi ya pembeni bado yanaapa kuwa ni 1:50. Lipo pia kosa moja la kunyemelea: kizidishi kilichofichwa ndani ya mtindo wa vipimo, kilichoachwa na mchoraji wa awali kwa ajili ya picha moja iliyokuzwa, nacho kikaendelea kuzidisha tarakimu za watu wasio na habari. Hakuna hata moja kati ya makosa haya linalotibiwa kwa kubandika tarakimu.

Wapo watakaopinga, na hoja yao haistahili kudharauliwa. Watasema kwamba fundi hapimi karatasi kwa rula; michoro mingi hubeba onyo kuwa zifuatwe tarakimu zilizoandikwa pekee. Maadamu tarakimu ni sahihi, mstari mfupi unamdhuru nani? Wataongeza kwamba hata wachoraji wa ubao walifanya hivyo: ukuta ulipobadilishwa dakika ya mwisho, waliandika kipimo kipya bila ya kuchora upya. Ni kweli, walifanya. Lakini kwa desturi walikipigia mstari chini kipimo hicho ili kila msomaji ajue kuwa hakilingani na skeli. Walikiri penye kasoro. Anayebandika tarakimu leo hakiri chochote.

Tena mchoro wa siku hizi haumfikii fundi peke yake. Mhandisi huichukua faili ile ile akapanga nguzo zake juu ya mistari, si juu ya tarakimu. Mkadiriaji huiamuru programu ijumlishe eneo la sakafu, nayo hujumlisha kwa mistari. Mpimaji huchukua pembe za jengo kutoka kwenye faili na kuzipeleka uwanjani. Fundi anayefuata 4,000 na mpimaji anayefuata 3,940 watakutana kwenye msingi, na hapo ndipo ubishi utakapoanza, zege likiwa limekwisha kumwagwa. Atakayevunja na kujenga upya ni fundi. Aliyebandika tarakimu yuko ofisini, na karatasi yake inamtetea.

Kiswahili kinaingiaje hapa? Kinaingia katika neno kipimo lenyewe. Neno hili limebebeshwa mizigo isiyo na kadiri: ndicho kipimo cha ukuta, ndicho kipimo cha ramani, ndicho kipimo cha mita na futi. Mwashi akilalamika kwamba kipimo ni kibaya, je, analalamikia urefu, skeli au kizio? Makosa matatu tofauti, yenye tiba tatu tofauti, yanaitwa kwa jina moja, na mchoraji aliyechoka hujibu lalamiko hilo kwa kutibu kile kinachoonekana, yaani tarakimu. Maneno ya kutenganisha tunayo. Kipimo kibaki kuwa urefu uliopimwa, skeli iwe uwiano wa karatasi na ardhi, na kizio kiwe inchi, futi au milimita. Kinachokosekana ni mazoea ya kuyatumia pale kazi inapofanyika.

Wala mazoea hayo si mageni kwetu. Waswahili wa pwani walipopima kwa dhiraa, walitambua kuwa mkono mmoja una urefu wa aina mbili. Dhiraa kamili ilianzia kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Dhiraa konde iliishia kwenye vifundo vya ngumi iliyofumbwa. Aliyetaja dhiraa bila ya kusema ni ipi alikuwa hajamaliza sentensi. Katika Kenya ya leo ploti huuzwa kwa jina la hamsini kwa mia bila hata kutaja kuwa ni futi, na wengine huiita thumuni ya ekari, ilhali futi 50 kwa 100 ni futi mraba 5,000, na thumuni halisi ni futi mraba 5,445. Jiwe la inchi tisa, ambalo ni milimita 228.6, huwekwa katika ukuta ambao mchoro umeuandika kwa milimita kamili. Fundi huishi kati ya lugha hizi mbili za urefu kila siku, na hutafsiri kichwani bila ya msaada wa mtu. Na wasomi wasidhani wao wamesalimika: mwezi Septemba 1999 shirika la NASA la Marekani lilipoteza chombo chake kilichokuwa kikikaribia sayari ya Mars, kwa sababu upande mmoja ulihesabu kwa vizio vya Kiingereza na upande wa pili kwa vya metriki.

Maonyo ya pembeni mwa mchoro, yale yanayosema kizio ni kipi na karatasi ni ya ukubwa gani, kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza, na husomwa na mtu anayefanya kazi yake nzima kwa Kiswahili. Kuyaandika kwa lugha zote mbili hakuhitaji zaidi ya mistari mitatu ya maandishi. Walimu wa uchoraji nao waache kusahihisha karatasi iliyochapishwa, waitishe faili. Wakikigusa kipimo chochote na kufungua sifa zake, programu itawaonyesha urefu halisi wa mstari kando ya maneno yaliyobandikwa juu yake. Wayafute maneno hayo mbele ya mwanafunzi, 3,940 irejee mahali pake, kisha wamrudishie autafute ukuta ulikopotelea.