Usifute ya asili kabla ya kuitazama nakala

Jamani wasomaji, leo naja na kisa cha aibu. Mimi ni mtu wa programu, kuandika kodi ndiyo riziki yangu, na bado nilikaribia kuipoteza sauti ya marehemu nyanya kwa mistari kumi niliyoiandika mwenyewe.

Nyumbani Diani nina kikompyuta, Raspberry Pi 4, na diski ya nje. Kinaendesha Jellyfin, programu huria iliyochipuka kutoka Emby mwezi Desemba 2018. Video zetu za harusi zilitoka kwenye DVD, yaani ziko katika MPEG-2, na simu nyingi haziwezi kuzicheza moja kwa moja. Mtu akibofya tu, seva inalazimika kuzibadili papo hapo na kikompyuta kinaanza kuhema. Basi nikaamua kuzibadili zote kwa FFmpeg ziwe H.264 ndani ya MP4, tumalize.

Skripti yangu ilikuwa rahisi: kama MP4 haipo, itengeneze, kama ipo, kazi imekwisha, futa ya asili upate nafasi. Mnaona shimo liko wapi?

Usiku stima ikapotea. Iliporudi, skripti ikaanza upya, ikaikuta MP4 ya harusi ya shangazi, ile ya Msambweni mwaka 2005, ikadhani imekamilika. Ikaifuta ya asili. Asubuhi faili ilikuwa kubwa lakini haifunguki. FFmpeg ikasema haikupata moov.

Hiyo moov ni faharasa ya MP4: inasema kila picha na kila kipande cha sauti kiko wapi ndani ya faili. Kwa kawaida huandikwa mwishoni kabisa. Stima ikikatika kabla ya hapo, una rundo la kurasa zisizo na namba. Hata ule mpangilio wa faststart, unaohamishia faharasa mbele, haukuokoi, kwa sababu kuhamisha kwenyewe hufanyika mwishoni. MKV huandika kwa mafungu, kwa hiyo sehemu iliyokwisha kuandikwa kwa kawaida huchezeka.

Nikapanda matatu kutoka Ukunda hadi Msambweni. Shangazi akaniuliza, “Mwanangu, si ulisema ukishaiweka kwenye mashine haipotei tena?” Sikuwa na jibu. Bahati nzuri DVD alikuwa ameitunza kabatini. Ilikuwa na mikwaruzo, na sekunde chache zikarukwa, lakini nyanya yumo, anaimba na wenzake uani.

Wenzangu wameniambia ninunue UPS. Ni ushauri mzuri, lakini betri haitengenezi skripti mbovu. Diski ikijaa katikati ya kazi au kebo ikilegea, unabaki na faili nusu ile ile. Maoni yangu ni haya: ubadilishaji wa video utakwama tu, hasa huku kwetu, kwa hiyo andika skripti ukijua kwamba itakatizwa.

Sasa nafanya hivi. Nabadili kwanza kwenda MKV yenye jina la muda, na jina la kudumu linapatikana FFmpeg ikimaliza bila kosa. Nikitaka MP4, nahamisha baadaye kwa -c copy, ambayo haibani picha upya, inabadilisha chombo tu, na huchukua muda mfupi sana. Kisha nalinganisha urefu wa nakala na wa asili kwa ffprobe, naisomesha nakala yote kwa amri hii:

ffmpeg -v error -i harusi.mkv -f null -

Ikinyamaza hadi mwisho, ni dalili njema. Halafu naketi na kutazama mwanzo, katikati na mwisho kwa macho yangu.

Na ya asili? Siifuti kabisa. Diski hununuliwa dukani. Harusi ya mwaka 2005 hairudiwi, na waliokuwepo wanapungua. Filamu ya dukani ikiharibika utaipata tena kwingine, lakini video ya familia yako haiko kwingine isipokuwa kwako, na pengine kwenye kabati la shangazi.

Haya, niwaache hapo. Kabla hujalala leo, fungua skripti yako uitafute ile amri ya kufuta. Kuna nini kinachoizuia?