Mfereji Si Mandhari

Vikundi vya matembezi vya Nairobi na Eldoret vina neno moja vinalolipenda kuliko yote: asili. Kila wikendi mabango yao yanazunguka WhatsApp, na zamu ya Bonde la Kerio ikifika tunaahidiwa asili ambayo haijaguswa na mkono wa mtu, pamoja na hewa safi, chakula cha mchana na basi la kwenda na kurudi. Nimelipa ada hiyo mara tatu. Mara zote tatu njia yetu, kutoka Tot kupanda mteremko kando ya mto Embobut, ilikuwa imeguswa na mkono wa mtu karibu kila hatua. Tulikuwa tunatembea kwenye ukingo wa mfereji. Kuna watu walioupima, wakauchimba, wakaujengea ukuta wa mawe, na vizazi vyao wangali wanauzibua hadi leo. Kuiita kazi hiyo asili ni matusi, hata kama anayetukana anatabasamu na ana fimbo mbili za aluminiamu mkononi.

Wacha nianze na mfereji wenyewe, maana wengi wanaupita bila kuuona. Juu kabisa, kwenye milima ya Cherangani, zaidi ya mita 3,000 kutoka usawa wa bahari, mvua si haba. Chini bondeni, kwenye mita elfu moja hivi, jua linachoma na mvua haitegemeki. Katikati pana mteremko mkali ambao mito inaushuka kwa haraka, inaingia Kerio, na Kerio inayabeba maji yote kaskazini hadi Turkana. Mwenye shamba bondeni angeweza kukaa hapo akisikiliza maji yakimpita. Wamarakwet hawakukaa. Juu kwenye mteremko waliziba sehemu ya mto kwa magogo, mawe, matawi na udongo, wakayageuza maji yaingie kwenye mfereji unaoshuka polepole kuliko mto. Siri yote iko kwenye huo upole. Mfereji ukishuka kwa kasi, maji yanakula udongo na kuubomoa. Ukiwa bapa mno, mchanga unajaa na maji yanalala. Kwa hiyo unaung'ang'ania mlima kwa kilomita nyingi, mto ukiwa tayari umezama korongoni chini yako. Penye jabali, ukuta wa mawe makavu umepandishwa kutoka chini, bila saruji, ili kuubeba. Penye ufa, zamani gogo lililochongwa katikati lilivusha maji upande wa pili. Siku hizi utaona bati au paipu. Kazi hii ilifanyika kabla ya Mwingereza yeyote kufika hapa na darubini ya kupima ardhi.

Mhandisi mmoja tuliyekuwa naye safari ya pili alikicheka kile kizuizi cha matawi. Eti mafuriko ya kwanza yatakibeba. Kweli, yatakibeba, na hiyo ndiyo faida yake. Kikivunjika, maji ya ziada yanarudi mtoni badala ya kuingia mferejini na kupasua kuta kilomita tano mbele. Siku chache baadaye wanaume wanapanda na mapanga, wanakata matawi, wanasogeza mawe, kazi imekwisha. Kizuizi cha saruji kikipasuka kinasubiri tenda.

Na hapo sijagusa sheria. Mfereji ni mali ya ukoo, au koo kadhaa kwa pamoja, na kila mmoja una jina lake. Maji yanagawanywa kwa zamu, mchana na usiku, na ugomvi unapelekwa kokwo, kikao cha wazee chini ya mti. Asiyetokea siku ya kazi anatozwa faini. Anayeiba maji ya mwenzake anajibu mbele ya watu wanaomjua tangu utotoni, jambo ambalo nadhani linatisha kuliko mahakama. Wimbi, mtama, mahindi, ndizi, maembe yale tunayoyanunua barabarani kwa kelele nyingi: mengi hunywa kwenye zamu hiyo.

Sasa nieleze lililonikasirisha. Safari ya tatu tulikuwa watu arobaini. Kikundi chenyewe sitakitaja, wahusika watajijua. Tulipofika mahali ukuta wa mfereji umeshikilia jabali, na bonde lote liko wazi chini yako, watu walipanda ukutani kupiga picha. Kumi na moja kwa mpigo, miguu ikining'inia. Mawe ya juu yakaachia. Hakuna aliyeumia, ila maji yalipata mlango, yakaanza kumwagika mlimani, na mfereji mbele yetu ukapungua tukiutazama. Kiongozi wetu akasema, "Ni mtaro tu, twendeni." Mwanamume mmoja alitokea chini akiwa na jembe begani, hakutusalimia, akaanza kutafuta udongo wa kuziba. Alifanya kazi kama saa nzima. Kuna mtu kule chini aliyekuwa amengoja zamu yake, na siku hiyo sehemu ya zamu yake ilimwagikia mawe. Mmoja wetu alimpa yule mwenye jembe shilingi mia mbili ili apige naye picha. Hakuzichukua.

Ni mtaro tu. Nimelifikiria sana neno hilo. Kiswahili chetu cha mjini kimetuharibia macho hapa: mtaro ni pale maji machafu ya Eastleigh yanapopita, na mfereji, kwetu Nairobi, ni bomba la chuma linalotoka ukutani, ambalo siku nyingi halitoi kitu. Mtu wa mjini akiona maji safi yanatembea mlimani kwenye njia iliyopimwa, hana neno la kuyapa heshima, basi anayaita mto, au asili, anapita.

Shule nayo haikusaidia. Nilifundishwa jinsi Wamisri wa kale walivyomwagilia kwa shadufu, nikachora na picha. Nikafundishwa Mwea na Perkerra, ekari na mazao na matatizo yake, tukakariri kwa ajili ya mtihani. Perkerra iko Baringo, ng'ambo tu ya milima ya Tugen kutoka Kerio. Ilianza kujengwa mwaka 1954, wakati wa hali ya hatari, kwa nguvu za wafungwa wa Mau Mau waliowekwa kizuizini; Mwea vilevile ilijengwa kwa jasho la aina hiyo. Kwa hiyo mtoto wa Kenya alijua kilimo cha umwagiliaji kilicholetwa na serikali ya kikoloni kwa bunduki, na hakujua kile ambacho watu walijipangia wenyewe, kinachofanya kazi mwendo wa saa chache kwa gari kutoka hapo. Cha kwanza kiliitwa mradi. Cha pili, kikitajwa, kiliitwa desturi.

Tofauti ya majina hayo si ndogo. Mradi unapata bajeti. Mto Arror, ambao una mifereji yake, ulitengewa bwawa la mabilioni ya shilingi. Septemba 2019 rais aliufuta mradi pacha wa Kimwarer na kuagiza lile la Arror lipangwe upya kwa gharama ndogo, huku kesi zikienda mahakamani. Siingii kwenye kesi hizo. Nauliza tu ni mifuko mingapi ya saruji ingetosha kurekebisha sehemu mbovu za mifereji iliyopo, kwa matakwa ya wenyewe. Nasema kwa matakwa yao kwa sababu najua jibu linalokuja: eti nataka Wamarakwet wabaki na majembe ili mimi nipate la kushangaa. La. Anayetaka saruji apewe saruji, anayetaka paipu apewe paipu. Lakini aulizwe kama mwenye mtambo, asielekezwe kama mtu aliyekutwa porini.

Kwa sababu hilo neno, haijaguswa, lina historia yake ya damu huku juu. Embobut inaanzia kwenye msitu wenye jina hilohilo. Januari 2014 nyumba za Wasengwer zilichomwa humo na walinzi wa misitu, wenyewe wakafurushwa, kwa hoja kwamba msitu na chanzo cha maji haviwezi kupona vikiwa na watu. Sikatai kwamba miti ikikatwa bonde linaumia. Aprili 2020 maporomoko ya udongo yalipofika Chesegon, watu walikufa, na kila mmoja hapa anajua mlima mtupu hufanya nini. Ninachokataa ni ile picha ya mlima safi usio na mtu, ambayo mwanzoni iko kwenye bango la wikendi na mwishowe iko kwenye amri ya kufurusha. Ni picha moja.

Wengine wamefanya tofauti, na si lazima tuwaige kila kitu. Kisiwani Madeira, Ureno, watu wanasafiri kutoka dunia nzima kutembea kando ya levada, mifereji iliyochimbwa milimani kupeleka maji mashambani. Mgeni anakuja akijua jina la levada anayoifuata; mfereji ndio safari. Oman, ambako wengi wetu pwani tuna ndugu, mifereji mitano ya aflaj iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, na kilichosifiwa si mawe peke yake bali pia ule utaratibu wa kugawana maji kwa haki. Utaratibu. Kile ambacho kokwo hufanya.

Kuna jambo moja ambalo lazima niliseme kwa sababu mimi ni mwanamke. Kwa desturi, kazi ya mfereji ni ya wanaume, na pale juu maji yanapogeuzwa mwanamke hatakiwi kufika. Mwanamke analima, anavuna, anachota maji ya nyumbani, lakini zamu inapitia kwa mwanamume. Silipendi hilo, na wanawake niliozungumza nao Tot hawalipendi wote. Mmoja, mjane, alinieleza kwa kirefu anavyolazimika kumbembeleza shemeji yake. Ni vita vyao na vinaendelea. Ila wasichana wa kikundi chetu waliopanda hadi pale kizuizini wakipunga bendera ya usawa hawakumwongezea yule mjane hata ndoo moja. Walipata picha, wakashuka, wakatuachia kelele za wazee.

Na pesa? Nililipa shilingi 4,500 safari ile. Zilinunua mafuta ya basi, chakula kilichotoka Eldoret, fulana yenye nembo, na kijana wa droni. Bondeni tuliacha bei ya soda na maembe kidogo.

Ninachodai ni kidogo kiasi cha aibu. Kabla ya kutangaza safari, kiongozi apige simu Tot, aulize ni mfereji upi, ni wa ukoo gani, na ni siku zipi unafungwa kwa matengenezo. Watu wasipande ukutani. Sehemu ya ada iende kwenye kazi ya mfereji, mbele ya kokwo na si kwenye simu ya mtu mmoja. Na safari moja kwa mwaka iwe ya kubeba mawe. Mawe mazuri yako chini mtoni, kuta ziko juu, na hapa tuna vijana arobaini wanaolipa ili wachoke. Wanaume watapandisha hadi kizuizini kama wazee watakavyo. Sisi wanawake tutapokezana mawe huku chini, na ule ubishi tutauendeleza jioni, kwa yule mjane, akiwa amekaa katikati yetu.