Umri wa Mpunga Uko Kwenye Majani

Vipeperushi vya mpunga karibu vyote ni kalenda: miche ikae kitaluni siku 21, palizi siku fulani, mbolea siku fulani. Toleo hili linapinga utaratibu huo. Mpunga hukua kwa majani, na kasi ya majani huamuliwa na joto. Penye joto la kutosha jani jipya hutoka kila baada ya siku 4 au 5. Baridi ikiingia, siku huongezeka. Mche wa siku 21 wa Ifakara na mwenzake wa Mwea, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, wamezaliwa siku moja lakini si rika moja.

Mjapani Katayama alilieleza hili mwaka 1951, katika kitabu chake kuhusu machipukizi ya mpunga, ngano na shayiri. Shina mama na machipukizi yake huenda kwa zamu. Jani la tano linapochomoza, chipukizi hutokeza kwenye kwapa la jani la pili. Likija la sita, ni zamu ya kwapa la tatu. Zamu ikipita kwa kawaida hairudi. Chipukizi lililozuiwa na mizizi iliyokatika au msongamano hulala humo humo, na suke lake ndiyo basi tena. Hesabu hiyo ndiyo iliyokuja kumfafanulia padri Mfaransa Henri de Laulanié alichokiona Madagaska mwaka 1983: miche michanga, ikipandikizwa mmoja mmoja, ilichipua kuliko iliyokomalia kitaluni. Njia yake ndiyo tunayoiita kilimo shadidi.

Wapo watakaosema mkulima hana muda wa kuhesabu majani. Sikubaliani nao. Wapalizi wazoefu hutambua mpunga kwa kilimi chake, kile kiwambo cheupe chenye ncha mbili pale bapa la jani linapokutana na ala. Gugu linalofanana nao sana halina. Mwenye macho hayo atashindwaje kuhesabu hadi sita?

Kazi ngumu ni kujua yaliyofichika. Ndani ya ala yamejikunja majani mengine machanga, na siku moja ncha ya shina huacha kuumba majani ikaanza kuumba suke, nje pasiwe na dalili yoyote. Kwa mmea wenyewe kazi hizo mbili ziko karibu kuliko tunavyodhani. Watafiti wa Japani walionyesha kwamba jeni moja, DL, hujenga mshipa mkuu unaolisimamisha jani, na hiyo hiyo huongoza uumbaji wa ovari ya ua. Ikiharibika, majani hulegea, na mahali pa ovari huota stameni. Ndiyo maana safari hii makala za maabara na za jaruba zimekaa pamoja.

Chaneni shina mama kwa wembe kuanzia chini. Mkikuta kitu cheupe chenye vinyweleo, urefu wake milimita moja au mbili, suke limeanza na jani bendera bado liko ndani. Urea ya pili iwekwe hapo, hata kama kipeperushi kinasema bado wiki.