Kupatwa kwa Jua: Safari ya Pwani Ipangwe Mapema

Siku ya Jumatano, tarehe 21 Mei 2031, Mungu akitujalia uhai, sehemu ya nchi yetu italishuhudia jua likifunikwa na mwezi na kubaki pete ya moto angani. Njia ya kivuli itaanzia Angola, ipite Zambia na Kongo, ikatize Tanzania, kisha ivuke Bahari ya Hindi hadi kusini mwa India na Sri Lanka. Kabla ya hapo, tarehe 2 Agosti 2027, jua litapatwa lote katika nchi za kaskazini ya Afrika na Arabuni, nasi huku tutaliona likimegwa upande tu.

Si ajabu basi kuwasikia wananchi wa Isingiro na sehemu nyingine za Karagwe na Kyerwa wakizungumza juu ya kuweka akiba ili waende pwani kustarehe na kulitazama jua hilo. Wazo hilo ni jema. Mwananchi aliyezaliwa kwenye vilima vya migomba na kahawa anayo haki ya kuiona bahari ya nchi yake. Lakini jambo jema lisipopangwa huzaa balaa, na hili lina mambo ambayo wananchi na viongozi hawana budi kuyapima tangu sasa.

Watu wa pande hizi si wageni wa habari za jua kupatwa. Ng'ambo ya Mto Kagera, ukivuka Murongo na kupita Mbarara, upo mlima wa Biharwe. Mapokeo ya Nkore na Bunyoro yanasimulia kwamba jua "lilianguka" mahali hapo wakati jeshi la Mukama Olimi wa Bunyoro lilipokuwa vitani, askari wakaingiwa na hofu na vita vikakoma. Wanahistoria wengi wamelihusisha tukio hilo na kupatwa kwa jua kwa tarehe 17 Aprili 1520. Wazee wale walishtukizwa. Sisi tunaijua siku, saa na njia ya kivuli miaka mingi kabla, kwa hiyo tukiharibikiwa hatutakuwa na udhuru.

La kwanza ni kuujua ukweli wa kile kinachofuatwa. Kupatwa kwa jua lote, pale mchana unapogeuka usiku na nyota kuonekana, ni tukio adimu: kwa wastani mahali pamoja hulipata mara moja katika miaka 375 hivi. Tanzania ilibahatika mara mbili katika muda mfupi. Tarehe 23 Oktoba 1976 kivuli kiligusa nchi yetu asubuhi na mapema karibu na mpaka wa Burundi, kikaelekea pwani na kwenda zake hadi Australia. Tarehe 16 Februari 1980 kingine kilipita Tanzania na Kenya na kutokea baharini kuelekea India. Jua la 2031 si la namna hiyo. Mwezi utakuwa mbali kidogo na dunia, hautalifunika jua lote, na giza la usiku halitaingia. Mfanyabiashara atakayeuza tiketi kwa ahadi ya "usiku wa mchana" atakuwa anawadanganya watu, na wanaohusika wamwambie hivyo mapema.

La pili ni kuuliza kama kweli bahari ndiyo mahali bora pa kutazamia. Mwezi Mei masika huwa hayajaaga pwani, na wingu moja laweza kufuta safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipokuwa pete, watu walikusanyika Rujewa, wilayani Mbarali, mbali na bahari, katikati ya kiangazi, wakaliona vizuri. Kinyume chake, tarehe 3 Novemba 2013, wakati wenzetu wa Pakwach nchini Uganda wakishuhudia jua likipatwa lote, watalii waliokwenda mwambao wa Ziwa Turkana walikumbana na dhoruba ya mchanga na mawingu. Anayetaka jua achague mahali penye barabara, ili mbingu zikifunga aweze kusogea. Anayetaka bahari aende baharini, lakini ajue kwamba jua ni bahati juu ya bahati.

La tatu ndilo zito kuliko yote, nalo linawahusu ndugu zetu wa visiwani, wa bahari na wa ziwa. Tarehe 21 Mei ni siku ambayo Kagera haiwezi kuisahau. Siku hiyo mwaka 1996 meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba kwenda Mwanza, ilizama na kuangamiza mamia ya watu. Jua la 2031 litaangukia siku ile ile, miaka 35 kamili baadaye. Tarehe 10 Septemba 2011 ilizama MV Spice Islander ikielekea Pemba. Tarehe 18 Julai 2012 ikafuata MV Skagit karibu na Chumbe. Na tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, wakafa watu zaidi ya 220 katika chombo kilichokusudiwa watu wapatao 100. Kila mara tulilia, tukazika, tukaunda tume.

Abiria wa jua hawezi kungoja meli ya kesho, kwa maana kesho jua halipatwi. Haraka ya namna hiyo ndiyo inayomfanya nahodha ashindwe kusema "basta, chombo kimejaa". Tunawaomba wanaosimamia usafiri wa majini, Bara na Zanzibar, wapange safari za ziada zianze siku kadhaa kabla, wahesabu watu gatini, na wasimwonee haya mwenye chombo. Wakazi wa visiwani nao, ambao watapata riziki ya halali kwa kuwapangisha wageni vyumba na kuwauzia samaki, wawe wa kwanza kuwakataza wageni hao kupanda chombo kilichozidiwa.

Kwa mkulima wa Isingiro tunalo neno lingine. Mei ni mlango wa msimu wa kahawa. Tunajua tabia ya butura, yaani kuuza kahawa ingali mtini kwa bei ya kutupa, imewafilisi wengi mkoani hapa ingawa imekatazwa. Ni aibu kuuza jasho la mwaka mzima kwa dakika chache za kutazama angani. Nauli iwekwe kidogo kidogo tangu sasa, kwenye chama cha akiba, na asiyeweza asione haya kubaki nyumbani.

Hata wa nyumbani watakuwa na la kuona, mradi walinde macho. Miwani ya kawaida, kioo kilichopakwa masizi na filamu ya eksirei havifai. Ipo miwani maalumu ya jua, na isiyo na gharama ni kadi iliyotobolewa tundu dogo: mwanga upite tunduni, mtoto alipe jua mgongo na kulitazama umbo lake kwenye karatasi. Hata chini ya mti wa kahawa, mwanga unaopenya majani utachora hilali nyingi ardhini.

Tunapendekeza basi kwamba Serikali itoe ramani rasmi ya njia ya kivuli wilaya kwa wilaya, shule zifundishwe namna ya kutazama, na jua la 2027 liwe jaribio la maandalizi hayo. Jua litakuja kwa saa yake bila kumngoja waziri wala nahodha. Ni juu yetu kuhakikisha kwamba kila aliyekwenda kulitazama anarudi kwake na macho yake, mali yake na uhai wake.