Usiku na Magoti Yanayouma

Mkulima wa Butiama aliyeinamia shamba la mihogo tangu ujana, na mama wa Musoma anayeanika dagaa mwaloni, mchana huvumilia. Usiku ndipo magoti na mabega yanapowasumbua kweli. Akilala chali goti linawaka, akigeukia ubavu nyonga inamkatalia, na alfajiri anashikilia ukingo wa kitanda kwanza ndipo asimame. Inaniuma tunapomwambia kuwa ni uzee tu, avumilie. Yapo ya kufanya. Kwa anayelala ubavu, mto au kanga nene zilizokunjwa na kuwekwa katikati ya magoti huipunguzia nyonga mzigo. Ila mto usikae chini ya goti usiku kucha, maana goti huzoea kujikunja na kulinyoosha huwa kazi. Kitambaa kilichochovywa maji ya moto na kukamuliwa vizuri, kikiwekwa juu ya kiungo kisichovimba kwa dakika 15 au 20 kabla ya kulala, hulegeza misuli. Kinachonitisha zaidi ni diklofenaki, dawa ya maumivu inayonunuliwa vidonge viwili vitatu kila jioni kwenye maduka ya dawa, Bunda na kwingineko, miezi nenda miezi rudi: huweza kuleta vidonda vya tumbo na kuharibu figo, hasa kwa mzee mwenye presha. Na viungo vikivimba na kupata joto, au vikikakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, huo si uchovu wa jembe. Mpelekeni akapimwe, hospitali ya rufaa ya mkoa ipo Kwangwa, Musoma.