Sifa za Matangani

Sisi tuliosoma naye darasa moja tumemzika mwenzetu, yule mtunga nyimbo, na matanga yake bado hayajaanuliwa. Kwa desturi ingefaa tunyamaze. Walakini maneno yaliyosemwa kaburini yametukera, wala hatuwezi kuyaacha yapite.

Wote waliosimama walimsifu. Huyu alisema marehemu ametuachia hazina. Yule, kwamba kipawa chake kilitoka kwa Mungu. Ni kweli. Lakini twauliza, ndugu wasomaji, hazina hiyo haikuonekana alipokuwa hai? Alipoacha ukarani apate nafasi ya kutunga, aliitwa mvivu. Alipoomba karatasi, aliambiwa akalime. Alialikwa arusini na kwaya yake, wakaimba hata usiku wa manane, kisha akapewa wali na asante, hali mpishi na mpiga picha wamelipwa fedha taslimu. Seremala akitengeneza mlango hulipwa. Mtunzi akikesha juma zima akipatanisha sauti nne, huambiwa kwamba hiyo ni furaha yake, basi imtoshe! Hoja hii hutolewa hata na watu wenye akili, nasi twaiona ni choyo iliyovikwa kanzu nyeupe. Mkulima naye hulifurahia shamba lake. Je, tumvunie mahindi bure?

Hatusemi kwamba kila apigaye ngoma alishwe na kijiji. Twasema mtu aliyetumikiwa na alipe.

Wako pia wanaonena kwamba nyimbo hazina faida. Na wamtazame Enoch Sontonga wa Afrika ya Kusini. Alikuwa mwalimu wa shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, na kiongozi wa kwaya. Mwaka 1897 alitunga wimbo wa kumwomba Mungu aibariki Afrika. Akafa mwaka 1905, umri wake wapata miaka 32 tu. Mwaka 1912 wimbo wake uliimbwa katika mkutano wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa ANC. Na tangu 1961 mahadhi yake ndiyo ya wimbo wa taifa letu, ambao kila mtoto wa shule anaujua. Zambia nayo hutumia mahadhi hayo hayo, na Afrika ya Kusini yenyewe imeyatia katika wimbo wake. Lakini mtu huyu alifanyiwaje? Kaburi lake halikujulikana lilipo kwa miaka mingi, hata mwaka 1996 likatangazwa kuwa ukumbusho wa taifa. Na daftari alimoandika nyimbo zake lilipotea baada ya kufa kwake. Wimbo mmoja umetosha mataifa matatu; hizo nyingine ni nani atakayetuimbia?

Basi, mwenzetu ameacha madaftari manne katika sanduku la mjane wake. Tayari wamekuja watu wawili kuyaazima, nao hawakuwahi kumpa hata kalamu. Tumemwomba mama yule asimpe mtu ye yote. Sisi wanadarasa tutayanakili yote, ukurasa kwa ukurasa, nakala moja ikae shuleni na moja kwake. Wale waliohutubu kaburini, karatasi zahitajika. Na walioimbiwa arusini bila malipo, mjane yuko nyumbani kila siku jioni, na ada ya shule ya watoto haijalipwa.